Tanga inakua: nini kinabaki mjini?

Sensa ya 2002 iliikuta Tanga ina watu 243,580. Sensa ya 2012 ikawakuta 273,332. Kwa miaka 10 nzima mji uliongeza watu wasiofika 30,000, asilimia 12 hivi, wakati Tanzania yote iliongezeka kwa asilimia 30. Kisha ikaja sensa ya 2022 na hesabu ikapinduka: watu 393,429. Hilo ni ongezeko la watu 120,000, asilimia 44, huku ongezeko la taifa likiwa asilimia 37. Mji ambao nchi yake ilikuwa ikiuacha nyuma umeanza kuitangulia.

Meya yeyote wa Tanga, awe wa chama gani, anaposimama mbele ya Baraza la Madiwani kusoma taarifa ya mwaka, namba hizo tatu ndizo zinazopaswa kutangulia. Kila kitakachosomwa baadaye hupata maana kwazo. Tuseme kata imejengewa madarasa manne mapya. Katika mji usioongezeka, hiyo ni nafuu kwa walimu na watoto. Katika mji unaopokea maelfu ya watu wapya kila mwaka, madarasa manne huenda yasitoshe hata kuwapokea watoto waliohamia kata hiyo tangu msingi ulipochimbwa. Taarifa inayotaja madarasa na kunyamaza kuhusu watoto humwachia msikilizaji nusu ya habari.

Taarifa hizi zina sura yake, na anayefuatilia halmashauri zetu anaijua. Mstahiki Meya amevaa joho na mkufu. Waheshimiwa madiwani wamekaa kwa safu, watumishi wa jiji wako nyuma yao, wageni waalikwa wako pembeni. Yanasomwa makusanyo ya mapato ya ndani na asilimia ya lengo lililofikiwa. Zinafuata zahanati, vyoo vya shule, madawati, vikundi vilivyopewa mikopo. Halafu hutajwa hati safi kutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na makofi hupigwa. Sisemi haya kwa kuyadharau. Kuna kipindi nchi hii haikuwa na meya wala taarifa ya meya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilizivunja halmashauri, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya maofisa, na miji ikakosa chombo chake cha kuisemea. Huduma zikadorora, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa, na sheria ya 1982 ikaziwekea misingi tunayoitumia hadi leo. Mtu aliyechaguliwa kusimama hadharani na kusema mji umetumia nini na umepata nini ni haki iliyowahi kutuponyoka. Ndiyo maana naona inastahili kutumiwa vizuri zaidi.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye madaraka yenyewe. Meya wa Tanzania hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Ni diwani anayechaguliwa na madiwani wenzake, na kazi yake kubwa ni kuongoza vikao vya baraza. Mtendaji ni mkurugenzi wa jiji, ambaye huteuliwa na Rais. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Maji ni ya Tanga UWASA, umeme ni wa TANESCO, bandari ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, kodi kubwa ni za TRA. Yaani karibu kila kinachoonekana kukua Tanga kiko mikononi mwa chombo ambacho hakiwajibiki kwa baraza la Tanga. Meya akisema "tumejenga", mara nyingi aliyejenga ni mwingine. Akinyamaza, wananchi watamuuliza yeye, kwa sababu yeye ndiye wanayemwona sokoni na msibani.

Basi aseme nini? Kwa maoni yangu, kuna swali moja ambalo meya peke yake ndiye mwenye sababu ya kuliuliza kila mwaka, kwa sababu vyombo vingine vyote vina mabwana wao kwingine: katika haya yote yanayopita Tanga, nini kimebaki mjini? Nalisema kwa Tanga hasa, kwa kuwa historia yake yote ni ya mali iliyopita.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe na kote kwenye tambarare ya Usambara. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, reli ya kwanza katika koloni zima, na kufikia 1911 garimoshi lilikuwa Moshi. Bandari ikapanuka kwa ajili ya marobota. Wakaja manamba kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Wengi wao walikuja kwa mkataba na hawakurudi kwao, na wajukuu zao ni watu wa Tanga wasio na kwingine. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ndiyo iliyoongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilizalishwa tani zinazokaribia 230,000, na sensa ya 1967 iliikuta Tanga ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, ikiwa na watu zaidi ya 60,000, nyuma ya Dar es Salaam pekee. Mwanza na Arusha zilikuwa mbali nyuma.

Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka uleule wa 1967. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilijaribu kuupa mji mguu mwingine: kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, kiwanda cha saruji pale Pongwe. Saruji imeendelea. Mbolea ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vingine vikafuata, na uzalishaji wa mkonge nchini ukashuka hadi chini ya tani 30,000. Ndiyo miaka iliyoandaa ile sensa ya 2012. Wenyeji wana msemo wao wa zamani, Tanga waja leo warudi leo. Watu hawakurudi. Iliyorudi ilikotoka ni faida.

Na bado kuna vilivyobaki, na inafaa kuvitazama kwa makini maana ndivyo vinavyofundisha. Ilibaki mitaa ya Ngamiani iliyonyooka, Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja, iliyopimwa vizuri kiasi kwamba mgeni hapotei na gari la taka linapita. Ilibaki Tanga School, shule ya kwanza ya serikali katika nchi hii, iliyoanza 1892. Uliibuka ushirika wa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, waliounda umoja wao wa TDCU na kuwa na hisa katika Tanga Fresh tangu miaka ya 1990, hivi kwamba maziwa yanayokamuliwa Muheza na Pongwe husindikwa mjini na sehemu ya faida humrudia aliyekamua. Mashamba ya mkonge yalikuwa makubwa mara nyingi zaidi ya zizi la mfugaji, lakini fedha ya zizi ilikuwa na mwenyewe Tanga.

Sasa wageni wakubwa wamerudi. Bandari ya Tanga kwa miongo mingi ilikuwa na kilema kimoja: kina cha maji gatini kilikuwa mita tatu tu, kwa hiyo meli zilitia nanga umbali wa mita 1,700 hivi, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kukokotwa hadi gatini. Kila tani ilibebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Mradi wa uboreshaji uliogharimu Sh429.1 bilioni umechimba kina hadi mita 13 na kujenga gati lenye urefu wa mita 450, meli zikaanza kufunga gatini. Kwa mfanyabiashara wa Arusha, Moshi au hata Rwanda na Burundi, hilo ni badiliko la kweli. Kwa kijana wa Makorora aliyekuwa akipata kibarua kwenye matishari ni badiliko pia, ila si lazima liwe lilelile. Meli inayoshushwa kwa winchi huhitaji mikono michache kuliko tishari. Kazi mpya zinaweza kuwa nyingi zaidi, katika maghala, malori, uwakala wa forodha, karakana, chakula, nyumba za wageni, lakini hazijileti. Zinahitaji viwanja vilivyopimwa vya maghala, maegesho ya malori yasiyoziba barabara za shule, na chuo kinachofundisha kuendesha mitambo ile. Viwanja na maegesho ni kazi ya jiji. Hapo meya ana la kueleza la kwake mwenyewe.

Kaskazini ya ghuba, kwenye rasi ya Chongoleani, kuna mgeni mkubwa zaidi. Tarehe 5 Agosti 2017 Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni waliweka hapo jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lote linapashwa moto njiani. Limeundwa lipitishe mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku, yote yakiishia kwenye matangi ya Chongoleani na kupakiwa melini. Hakuna mradi mkubwa kuuzidi katika historia ya Tanga. Reli yenyewe ilikwenda kilomita 350 hivi tu.

Bomba ni kitu cha ajabu katika uchumi wa mji. Wakati wa ujenzi hujaza vyumba vya kupanga, meza za mama lishe na bodaboda. Likishakamilika, hutunzwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu, na mafuta hupita bila kelele. Ndiyo sababu miaka ya ujenzi ni miaka ya kuandika hesabu. Je, vijana wangapi wa jiji walijifunza uchomeleaji wa kiwango cha kimataifa na wakabaki na vyeti? Ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni zinazofanya biashara ndani ya mipaka ya halmashauri, umeongezeka kiasi gani kwa sababu ya wakandarasi waliokuja, na umewekwa kwenye nini ambacho kitakuwepo wakandarasi wakishaondoka? Waliohamishwa wakapewa fidia wako wapi leo, na wanakula nini? Wavuvi wa pwani ile wanauliza la kwao. Maji ya Tanga ni makazi ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alikwishatoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Meli za mafuta zitapita jirani. Mvuvi anayeuliza mpango wa tahadhari ukoje ana haki ya kujibiwa na mtu aliyemchagua, hata kama mwenye mpango ni kampuni.

Nimetua kwenye bandari na bomba kwa sababu ndivyo vinavyotajwa zaidi. Mimi ninayeandika ningependa taarifa ya meya ianzie penye kitu kidogo zaidi kwa macho: bomba la maji.

Februari 2024, Mamlaka ya Maji Tanga, yaani Tanga UWASA, ilifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa na mamlaka ya maji nchini. Haikungoja bajeti wala mkopo wa nje. Iliuza hati fungani ya kijani kwa wananchi na taasisi, ikitafuta Sh53.12 bilioni, kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walileta Sh54.72 bilioni, zaidi ya zilizoombwa, na hati ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha hizo ni za kupanua mtambo wa kusafishia maji wa Mowe ufikie lita milioni 60 kwa siku, kubadilisha mabomba chakavu, kufunga dira mpya na kulinda chanzo.

Tazama mnyororo huo ulivyo. Mstaafu wa Chumbageni aliyenunua hati hupokea riba inayotokana na bili ya jirani yake wa Mikanjuni. Jirani analipa kwa sababu maji yanatoka. Yanatoka kwa sababu bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978 kwenye Mto Zigi, halijajaa tope. Halijajaa tope kwa kadiri wakulima wa milima ya Usambara Mashariki, huko Amani wilayani Muheza, wanavyoacha kulima hadi ukingoni mwa mto. Wakulima hao wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji imekuwa ikiwaunga mkono wapate kipato kisichotegemea kukata miti. Ukikatika mnyororo kwa mkulima mmoja mlimani anayekosa njia nyingine ya kulisha watoto, utasikika kwenye soko la hisa.

Huo ndio ukuaji wenye mwenyewe. Deni linalipwa na watu wa Tanga wenyewe, na kilichonunuliwa hakihamishiki. Lakini pia ni ukuaji wenye masharti, na masharti hayo ni ya kila mwaka. Riba ya asilimia 13.5 si ndogo. Ikiwa theluthi ya maji yaliyosafishwa kwa fedha hiyo yatavuja njiani au kuibwa, anayelipa ni yule mwenye dira anayelipa bili yake kwa uaminifu. Kwa hiyo kiasi cha maji kinachopotea kingepaswa kusomwa barazani kila mwaka, kwa sauti, pamoja na saa za mgawo kwa kila kata. Diwani wa Pongwe angesema kama namba inafanana na bomba la kwake.

Hapo nimefika kwenye kata, na ndipo ukuaji wa Tanga ulipo. Wale watu 120,000 hawakuingia Ngamiani, kwa sababu Ngamiani ilishajaa zamani. Nyumba mpya ziko pembezoni, Mabokweni, Kiomoni, Maweni, Pongwe, Kirare, Tongoni, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya minazi na mihogo. Mjerumani alipima kwanza, watu wakajenga baadaye. Sisi tunajenga kwanza, kisha urasimishaji unakuja na vigingi vyake kutafuta mahali pa kupitisha barabara kati ya kuta. Kila nyumba iliyojengwa kwenye njia ya maji leo itakuwa mgogoro wa mafuriko mvua za masika zikija, na fidia ambayo jiji halitakuwa nayo. Mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao Tanga ilikuwamo, uliuachia mji lami nzuri, mitaro na taa za barabarani katika maeneo ya katikati, na yeyote aliyeijua Tanga kabla yake anaona tofauti. Pembezoni bado wanangoja. Taarifa ya mwaka inayojumlisha jiji zima huficha tofauti hiyo. Ikigawanywa kata kwa kata, kata zote 27, itakuwa ndefu na itachosha, na itakuwa ya kweli.

Kuhusu fedha, lipo jambo ambalo wananchi wengi hawaelezwi. Kodi ya majengo, ambayo duniani kote ndiyo uti wa mgongo wa miji, iliondolewa mikononi mwa halmashauri na kupewa TRA mwaka 2016. Tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU mtu anaponunua umeme, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza. Ukusanyaji umekuwa rahisi, hilo halina ubishi, na mapato ya kodi hiyo kitaifa yana uhakika zaidi kuliko zamani. Ila uzi uliofunga nyumba na jiji umelegea. Mwenye nyumba ya kawaida Raskazone, pwani penye upepo, anakatwa kwa kiwango kilekile na mwenye nyumba ya Mabokweni. Tena hakuna anayekatwa akijua kwamba amelipia mtaro. Halmashauri imebaki na leseni, ushuru wa masoko na stendi, vibali vya ujenzi, ushuru wa huduma, na machinga. Ndipo unapoona mgambo wakihangaika na mwenye meza ya nyanya. Mstahiki Meya anaweza asibadili sheria, lakini anaweza kusema barazani, kwa tarakimu, mji ulikusanyiwa kiasi gani cha kodi ya majengo na ulirudishiwa kiasi gani. Akisema hivyo kila mwaka, na meya wa Mbeya akasema, na wa Mwanza, bungeni watasikia.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni eneo jingine ambalo namba moja haitoshi. Sheria ya 2018 iliagiza kila halmashauri itenge fungu hilo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni moja ya sheria nzuri tulizowahi kutunga kwa ajili ya watu wa chini. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, na mikopo ikarudi 2024 chini ya utaratibu mpya. Taarifa za halmashauri husoma kiasi kilichokopeshwa. Ningetaka kusikia kiasi kilichorejeshwa na biashara zilizo hai mwaka wa pili. Kikundi cha kina mama wa Duga kilichorejesha chote na kuongeza cherehani tatu kitajwe kwa mafanikio yake. Hiyo ni habari ya maendeleo kuliko jumla ya fedha iliyotoka. Tanga ina bahati ya kuwa na mpango wa Tanga Yetu, unaofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi, uliolenga kuufanya mji uwe mahali pazuri kwa vijana wake. Miradi ya wafadhili ina mwisho wake. Meya aseme mapema ni ipi kati ya kazi zake ambayo bajeti ya jiji itaibeba mfadhili akishafunga vitabu.

Hati safi niipitie haraka. Ni jambo jema kuipata na ni aibu kuikosa. Inathibitisha kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa inavyotakiwa. Haithibitishi kwamba zahanati ina dawa, na wakaguzi wenyewe wamelieleza hilo mara nyingi.

Baiskeli nayo haiwezi kukosekana katika taarifa hiyo. Tanga ni mji wa baiskeli kuliko mji wowote mkubwa wa nchi hii: wauza samaki, wanafunzi, mafundi, wazee wanaokwenda msikitini. Mji tambarare, mitaa iliyonyooka, joto linalovumilika kwa upepo wa bahari. Malori ya bandari na ya bomba yanapita barabara zilezile. Sijui kipimo kizuri zaidi cha kama mji unakua pamoja na watu wake au juu yao kuliko usalama wa mtu aliye kwenye baiskeli saa 12 asubuhi katika barabara ya kwenda Pongwe. Miji mingine hutumia fedha nyingi kuwarudisha watu kwenye baiskeli. Tanga inahitaji tu kutowaondoa.

Na lugha ya taarifa yenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji huu, mwaka 1909. Jiji lililomlea mtu huyo halina sababu ya kuwasomea wananchi wake vifupisho vya miradi vilivyopangwa mstari baada ya mstari, ambavyo hata diwani aliyeketi barazani havielewi vyote. Taarifa ikiandikwa kwa Kiswahili cha watu wazima, ikabandikwa kwenye ofisi ya mtaa na kusomwa kwenye mkutano wa mtaa badala ya kuishia ukumbini, watu wataijadili. Watakosoa, na wengine watakosoa kwa sababu za chama. Tanga inajua siasa kali: baada ya uchaguzi wa 2015, mzozo wa nani ni meya halali ulilitikisa baraza kwa muda mrefu, na aliyeumia ni mwananchi aliyengoja vikao vipitishe mipango. Dawa ya siasa za namna hiyo ni taarifa inayoanza na ahadi za mwaka uliopita, moja baada ya nyingine: hii tumetimiza, hii tumekwama kwa sababu hii, hii ilikuwa ya TARURA na tuliwaandikia tarehe fulani wakajibu hivi. Mpinzani akikuta hivyo vyote vimeandikwa, itambidi abishane na kazi.

Sehemu moja ya taarifa hiyo ina tarehe yake tayari. Hati fungani ya maji ya 2024 inaiva 2034, na watakaokuwa ukumbini wakati huo ni madiwani watakaochaguliwa 2030. Wengi wao leo ni vijana wanaotafuta kazi bandarini na Chongoleani. Kati ya sasa na hapo kuna taarifa za mwaka za kutosha kuonyesha, mwaka hadi mwaka, maji yaliyopotea yamepungua kwa kiasi gani, Mabayani ina tope kiasi gani, na ni kata zipi ambazo dira mpya hazijafika.